Jibu la Kidole

Mwalimu mkuu alimkataa mwanangu kwa sababu hakumwamkia. Baadaye niliposema hivyo mbele ya watu, alikana, akasema yeye alitazama mambo mengi. Nilikuwepo. Hakutazama mambo mengi. Alimtazama msichana wa miaka saba aliyesimama mbele ya meza yake, amepiga goti vizuri, macho chini kama nilivyomfundisha, akangoja sauti. Sauti haikuja. Akanigeukia mimi.

“Huyu hana adabu au hana ulimi?”

“Ulimi anao, ndugu mwalimu. Maneno ndiyo hayatoki.”

“Basi mpeleke wanakopelekwa mabubu.”

“Anasikia. Mwambie afunge mlango uone.”

Hakumwambia. Mwanangu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesikia, akaenda akaufunga mlango polepole usigonge, akarudi, akapiga goti tena. Ungedhani hilo lingetosha. Halikutosha.

Ilikuwa miaka ile ya amri ya kila mtoto wa miaka saba kuandikishwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango na daftari, akitisha wazazi wanaoficha watoto mashambani. Nikamuuliza mwalimu mkuu: mimi nikimficha mtoto nashtakiwa, wewe ukimkataa, nani atakushtaki? Akavua miwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kidato cha nne nimemaliza, kazi yangu kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na nilishajua kwamba mwanamume akivua miwani mbele yangu anataka kuniita mtoto.

“Sikiliza, mwanangu,” akasema. “Darasa la kwanza lina watoto sabini na kitu. Nusu yao wameshuka milimani, Kiswahili chao cha kuungaunga. Mwalimu wao ni binti mdogo, anajifunza ualimu huku anafundisha. Nimtwishe na huyu?”

“Mtwishe.”

Tulivutana mpaka kengele ikagongwa mara mbili. Mwisho akachoka, nadhani ni njaa. Alisema mtoto akae mpaka shule zitakapofungwa mwezi wa sita. Siku ya kufunga atamuuliza maswali yeye mwenyewe, si mimi, wala si kwa ishara zetu za nyumbani ambazo mama peke yake ndiye anayezielewa. Akijibu, abaki. Asipojibu, nisimrudishe, na kwa balozi ataandika yeye kwamba mtoto hafundishiki.

Hafundishiki. Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani likinichoma kama pilipili iliyoingia puani.

Mwanangu alizaliwa akilia kama watoto wote. Miaka miwili na nusu alikuwa anasema maneno yake: maji, bibi, toka, nipe. Kisha alipata homa kali, akashikwa na degedege mwili mzima, siku nne hatukujua kama yuko au hayuko. Alipoamka alikuwa yeye yule, macho yaleyale, anacheka, anasikia jina lake akiwa uani, lakini maneno yote yalikuwa yamekwenda. Akijaribu, kinywa kinakwenda upande na sauti inatoka kama ya mtu anayeinua gunia. Baba yake alikuwa anafanya kazi Ngerengere, akija na treni mwisho wa mwezi, akimbeba begani na kusema, “Ataongea tu. Hata mimi nilichelewa.” Majirani walisema ni kimio cha kooni. Wengine wakasema ulimi umefungwa, ukatwe. Mmoja aliniletea hadi wembe. Nilimfukuza uani kwangu kwa ufagio, na sijamwomba radhi hadi leo.

Sasa niseme ukweli ambao si wa kujisifia. Kwa miaka minne mwanangu alikuwa akilia na mimi nikimpiga. Si kila siku, lakini nilimpiga. Analia, nampa uji, anausukuma. Nampa maji, anayamwaga. Namfunika, anajifunua. Mwisho nampiga, anazidi kulia, nami nalia. Halafu unakuta alikuwa anaonyesha mwiba mguuni. Hasira zangu hizi ambazo watu wananisema nazo, sehemu kubwa ni za miaka hiyo, na nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Dawa niliikuta ukutani. Alasiri baada ya kazi nilikuwa nafundisha darasa la watu wazima chini ya paa la mabati karibu na soko, kama tulivyotakiwa sisi wote tuliosoma kidogo. Tulipewa chati kubwa za picha: mtungi, nyumba, kuku, mgonjwa kitandani, na chini ya kila picha neno lake. Wanafunzi wangu walikuwa akina mama wauza mboga na mzee mmoja mlinzi aliyesinzia tangu silabi ya kwanza. Mwanangu nilikuwa namleta, sina wa kumwachia. Siku hiyo ilikuwa ya joto. Nipo katikati ya ma-me-mi nikaona darasa zima linatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele ya chati, anapiga picha ya mtungi kwa kiganja. Pa! Anatazama kwangu. Pa! Anatazama kwangu.

“Mwalimu,” akasema mama mmoja muuza nyanya, “huyo anataka maji.”

Nikampa maji. Akanywa kikombe kizima, akarudi kwenye chati, akapiga picha ya kuku, akacheka. Hakutaka kuku. Alikuwa anajaribu tu, kama mtu aliyepata ufunguo anavyojaribu kila mlango. Yule mlinzi aliamka kwa kelele za wanafunzi wenzake akauliza kama nimewaruhusu kwenda nyumbani. Niliwaruhusu. Sikuweza kufundisha tena siku ile.

Nilitafuta ubao. Ofisini palikuwa na sanduku tupu la chai, lile la mbao nyembamba zilizogundishwa. Nikabomoa upande mmoja, nikausugua kwa mchanga, nikachora picha kwa wino mweusi, na mahali pa kuhitaji rangi nikatumia wino mwekundu wa mihuri. Sijui kuchora. Kitanda changu kilifanana na ng’ombe aliyelala. Lakini mwanangu nilimwonyesha kitu chenyewe kwanza, kisha picha, kisha kitu, mpaka tukakubaliana kwamba ng’ombe huyu ni kitanda. Juu kabisa, pembeni kushoto, nilichora msichana amepiga goti: shikamoo. Ndiyo picha niliyoitanguliza mbele ya nyingine zote. Kisha sahani, kikombe, choo, kitanda, tumbo linalouma, mimi, baba yake, bibi yake. Chini nikaandika neno la kila picha kwa herufi za chapa, maana nilisema, akijua picha leo, kesho atajua neno.

Kosa langu aliliona mama yangu, ambaye hajui kusoma hata jina lake. Aliteremka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi, kama kawaida yake, shuka begani, kikapu cha maharage mapya kichwani, akilalamikia joto la Morogoro kabla hajaingia mlangoni. Nikamwonyesha ubao. Akauinua kwenye mwanga, akaugeuza, akauliza kila picha ni nini. Nikamwambia moja moja. Akauweka chini. Mama yangu akiacha kuuliza ujue mambo si mazuri.

“Mwanangu,” akasema, “umemchorea nani hapa, mtoto au mtumwa?”

“Kwa nini, mama?”

“Anaamkia. Anaomba chakula, anaomba maji, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, analala. ‘Sitaki’ yake iko wapi?”

Nilimtazama. Nikautazama tena ubao, picha kwa picha.

“Mtu asiye na ‘sitaki’ wanamfanya wanavyotaka,” akasema. “Na huyu ni wa kike. Mchoree ‘sitaki’, tena kubwa.”

Nikachora kiganja kilichonyooshwa, kikubwa kuliko sahani, kwa wino mwekundu. Hapana. Pembeni yake uso unaocheka: ndiyo. Mama akaketi na mjukuu wake uani, akawa anamletea vitu: jiwe, ndizi, kiatu cha baba, chura. Kila kitu anamuuliza, “Unataka?” Kwa chura mtoto alipiga kile kiganja mara tano mfululizo, na bibi yake akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. Jioni ile niliweka uji mezani. Mwanangu akautazama, akaweka kidole kwenye hapana, akanitazama usoni bila kulia hata kidogo. Kwa miaka minne alikuwa hataki ule uji wa ulezi, nami nilikuwa nikimpiga kwa ajili yake. Niliumwaga. Nikampa ndizi.

Basi ndio ubao niliokuwa nao nyumbani siku mwalimu mkuu aliposema neno lake. Nilitoka pale nikijua ninacho cha kumwonyesha, na kwa haraka yangu sikufikiri hata usiku mmoja. Nilitoboa matundu mawili juu ya ubao, nikapitisha kamba ya katani, nikamvisha mwanangu shingoni ili mikono ibaki na daftari. Akaenda shuleni Jumatatu, sare mpya, kichwa kimesukwa, ubao kifuani.

Alirudi mchana sare imechanika begani. Akafungua kamba, akaweka ubao chini sakafuni, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye kiganja chekundu. Hapana. Nikamuuliza, hutaki shule? Akatikisa kichwa. Hutaki mwalimu? Akatikisa kichwa. Akainua ubao mzima kwa mikono miwili, akausukuma kwangu, kisha akagusa tena: hapana.

Kesho yake nilimvisha tena, nikaomba ruhusa ofisini, nikamfuata nyuma bila yeye kujua. Bado tuko mbali na uwanja wa shule nikasikia watoto wanaimba, wanapiga makofi:

“Kavaa kibao! Kavaa kibao! Kasema kilugha, kavaa kibao!”

Nilisimama njiani kama niliyemwagiwa maji ya mto yanayotoka juu mlimani.

Msomaji wa umri wangu anajua, lakini watoto wetu huenda wasijue, na Mungu ajalie wasijue. Nilipoanza shule kule kwetu, palikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unasema Kiluguru, unavishwa shingoni. Unakaa nacho unatega masikio mpaka umsikie mwenzako akiteleza, unamvisha yeye. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho anachapwa. Kilinuka jasho la kila mtu. Tulijifunza kuchongeana kabla ya kujifunza kusoma. Nilipofika sekondari nikakikuta kingine, safari hii ukisema Kiswahili unavishwa, kwa kuwa pale palitakiwa Kiingereza. Kwa hiyo mimi nimevishwa kibao kwa lugha ya mama yangu, halafu nikavishwa kwa lugha iliyonifanya niache ya mama yangu. Na ni mimi, niliyevaa vyote viwili, niliyetoboa matundu na kupima urefu wa kamba kwenye shingo ya mwanangu. Watoto wale hawakuwa wabaya. Shuleni pao kilikuwapo bado, kimetundikwa msumarini mlangoni mwa darasa la tatu. Walimwona mwenzao amevaa mbao, wakajua anaadhibiwa. Wangefikiri nini kingine?

Sikuingia uwanjani kugombana. Wanaonijua hawataamini. Nilingoja mapumziko, nikamwendea mwalimu wa darasa la kwanza, yule binti. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mrefu, mtandio mweupe kichwani, chaki hadi kwenye nyusi. Ametokea Tanga. Alinipigia goti, “Shikamoo mama,” nikaona aibu, maana nilikuja nimejiandaa kumchukia.

“Marahaba. Mwalimu, nimekosa. Ile kamba.”

“Nimeiona, mama. Jana nilitaka nimvue, nikaogopa. Nilidhani mmeagizwa na mkuu.”

“Niagizwe na mkuu? Mimi?”

Akacheka, akaziba mdomo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema hajui la kufanya na darasa lake. Watoto walioshuka milimani wanaogopa kile kibao cha mlangoni, kwa hiyo hawasemi kabisa. Wakikosa neno la Kiswahili wananyamaza, wakinyamaza yeye hajui kama wameelewa, na mkaguzi atakuja. “Mama, unaniletea mmoja asiyesema,” akasema. “Mimi ninao thelathini.”

Sikumbuki nani alisema kwanza kwamba darasa zima litumie picha. Yeye anasema ni mimi, mimi nasema ni yeye. Kamba tuliikata pale pale kwa wembe wake wa kuchongea penseli. Ubao ukalazwa juu ya dawati, katikati ya mwanangu na jirani yake. Na kila mtoto akaambiwa kesho alete picha moja ya kitu cha nyumbani kwao, kwenye kipande cha boksi, kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, kwa chochote.

Wiki ile nilikuwa naiba muda wa chakula cha mchana kwenda kuchungulia dirishani. Ukuta wa nyuma wa darasa ulijaa. Kinu, mbuzi, redio, treni ndefu iliyochorwa na mtoto wa mfanyakazi wa reli, bomba la kiwanda kutoka kwa mtoto ambaye baba yake alifanya kazi Mzinga. Mwalimu alikuwa na fimbo ya kuelekezea. Anamwita mtoto, mtoto anatembea hadi ukutani, anagusa picha mbili au tatu, na darasa zima linasema sentensi yake. “Mbuzi. Anakula. Redio!” Makelele hayo! Aliyejua Kiswahili aliona ufahari kumsemea mwenzake. Asiyejua alikuwa tayari amelisema jambo lake kabla hajaombwa maneno, kwa hiyo hakuwa na la kuogopa. Mwanangu pale ukutani hakuwa na tofauti na yeyote. Wote walikuwa wanaongea kwa kidole.

Jirani yake wa dawati alikuwa msichana aliyeteremka kutoka Mgeta kukaa na shangazi yake muuza kabichi sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabia kabichi. Moja, mbili, tatu, basi. Tangu Januari hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Huyu alijitwika kazi ambayo hakupewa na mtu: mwanangu akigusa picha, yeye analisema neno lake alilofundishwa na mwalimu, kwa nguvu, na lafudhi yake ya milimani inayopandisha mwisho wa sentensi kama swali. “Maji? Nataka? Sasa?” Wasipolijua neno wote wawili, wanakwenda kwa mwalimu wameshikana mikono, mmoja anagusa, mwingine anauliza. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anamsemea mwanangu hata yale ambayo mwanangu hakuyasema. Kufikia mwezi wa tano walikuwa wanapigana kwa sababu hiyo.

Kile kibao cha mlangoni kilitoweka wakati huohuo. Mwalimu wa darasa la kwanza aliulizwa, akasema hajakiona. Sitaki kusema zaidi. Shule ilikuwa inapika uji wa watoto, na uji unapikwa kwa kuni.

Ubao wetu nao ulikua. Picha mpya mwalimu alizichora yeye, mkono wake mzuri kuliko wangu: kitabu, jembe, fimbo, nyumba, soko, rafiki, mbali, kwa nini. Hiyo ya mwisho ilimsumbua. Unachoraje kwa nini? Mwisho akachora mtoto ameinamisha kichwa upande, mkono kidevuni. Mwanangu aliichakaza picha hiyo kwa wiki mbili, ikabidi irudiwe.

Siku ya kufunga shule ilifika, na mimi sikuwa nimelala vizuri. Nilijua anajibu. Lakini nilijua pia kwamba mwanangu haonyeshwi kama mbuzi mnadani. Akitazamwa na wengi anaweza kukunja mikono na kutazama dari mpaka kiama. Mwalimu mkuu alituita ofisini baada ya gwaride: mimi, mwalimu wake, na mtoto na ubao wake. Mlango ukaachwa wazi, na yule msichana wa Mgeta akabaki nje, macho kwenye ufa wa bawaba kana kwamba hatumwoni.

Mwalimu mkuu alikagua ubao mbele na nyuma kama askari anayekagua mzigo. Akaurudisha mezani.

“Mama, wewe usiseme. Na wewe mwalimu, usiseme.”

Tukarudi nyuma hadi ukutani.

Mwanangu aliweka kidole kwenye picha ya kwanza, kushoto juu, na akapiga goti. Mwalimu mkuu akapepesa macho. “Marahaba,” akasema, na nadhani aliitika kabla hajajua anaitika.

Kisha akakohoa, akauliza swali lake. “Unapenda kuja shule?”

Lilikuwa swali jepesi. Alikuwa amemchagulia jepesi, namsamehe mengine kwa hilo. Mwanangu alitazama ubao muda mrefu. Akatembeza kidole, akapita uso unaocheka, akaupita kabisa, akakiweka juu ya kiganja chekundu.

Hapana.

Mwalimu mkuu akaegemea nyuma, akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko ukali. “Umeona, mama,” akasema. “Anagusa tu. Hajui anagusa nini. Ni mtoto gani ataulizwa hivyo na mwalimu mkuu aseme hapana?”

Hapo yule binti wa Tanga, aliyeambiwa asiseme, akasema. Kazi ilikuwa yake, na mkuu ndiye anayemwandikia ripoti.

“Mwalimu, samahani. Umemuuliza, amekujibu. Hukusema ajibu ndiyo.”

Nje nikasikia msichana wa Mgeta anapumua kwenye ufa.

“Haya,” akasema mwalimu mkuu taratibu. Akamwinamia mwanangu. “Hupendi shule. Kwa nini?”

Mwanangu akainua kichwa, kama mtu aliyengoja muda mrefu kuulizwa. Kidole kikaenda kwenye jembe. Kisha akageuza viganja vyake juu, akamnyooshea. Vilikuwa na malengelenge mawili yaliyopasuka, ya shamba la shule, la mahindi, walikolima asubuhi tatu za wiki ile kwa ajili ya elimu ya kujitegemea. Akarudi kwenye ubao. Jembe. Hapana. Kitabu. Ndiyo. Akatazama kama tumeelewa, akaona tunamkodolea macho, akarudia polepole kama anavyofundishwa mtu mjinga: jembe, hapana, kitabu, ndiyo. Kisha, kwa hiari yake, akagusa picha ya mtoto aliyeinamisha kichwa, na jembe, na akamtazama mwalimu mkuu. Kwa nini jembe?

“Anapenda vitabu, hapendi kulima!” sauti ya milimani ikapiga kelele nyuma ya mlango. “Mikono inauma! Na mimi pia!”

Mwalimu mkuu alivua miwani. Nikasema moyoni, haya, sasa. Lakini aliifuta tu kwa tai yake, muda mrefu, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, akijizuia asicheke.

“Sasa huyu,” akasema, “ukimpa mdomo atatupindulia shule.”

“Anafundishika au hafundishiki?” nikauliza. Niliambiwa nisiseme, lakini nilikuwa nimenyamaza vya kutosha kwa mwaka mzima.

“Mama, wewe hukutakiwa kusema.” Akavaa miwani. “Anabisha. Mtu anayebisha amefundishika. Alete daftari jipya Julai.” Kisha akamgeukia mwanangu, na safari hii alimwambia yeye, si mimi. “Na jembe utalima. Wote tunalima. Lakini nitasema mfungwe vitambaa mikononi. Sawa?”

Mwanangu alifikiri. Kidole kikazunguka juu ya ubao, hakikuwa na haraka. Mwisho kikatua ndiyo, kwa shingo upande, kama anayemkopesha.

Tulitoka juani. Yule binti wa Tanga alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akavuta mtandio, akalia kidogo, akasema ni chaki. Nikamshika bega.

Nilitaka kumshika mwanangu mkono twende nyumbani, nimnunulie andazi njiani, nimbebe hata kama amekua, nipite naye mbele ya nyumba zote kumi za balozi. Nikanyoosha mkono. Hakuushika. Alikuwa ameshikana na msichana wa Mgeta, na wanaelekea sokoni kwa shangazi, njia tofauti kabisa na yetu. Akasimama, akaweka ubao juu ya goti, akagusa picha yangu, ile niliyojichora mwenyewe na kichwa kikubwa kama boga. Akagusa nyumba. Kisha akagusa rafiki, na soko, na akanitazama kuona nitasemaje.

“Mama uende nyumbani,” mwenzake akanitafsiria, kana kwamba nilihitaji. “Sisi tunakwenda soko. Tutakuja?”

“Mtakuja lini?”

Walitazamana. Mwanangu akagusa kiganja chekundu, si kwa ukali. Hapana, usiulize.

Nikakasirika, kwa kweli nikakasirika, katikati ya furaha yote ile. Nikageuka, nikashika njia ya nyumbani peke yangu, nikisema kwa sauti kwamba mtoto huyu hana adabu.